Herbert Morrison: Diwani wa Hackney Serikalini

Mabibi na mabwana, mwaka 1955 Herbert Morrison, mwanasiasa wa Uingereza, aligombea uongozi wa chama chake cha Labour. Wapinzani wake, Gaitskell na Bevan, walipata kura 157 na 70, yeye 40. Tukimpima kwa kura hizo tutamkosea, kwa sababu kazi yake kubwa ilianzia kwenye manispaa.

Alikuwa meya wa Hackney, London, mwaka 1920 hadi 1921. Jirani zake, madiwani wa manispaa ya Poplar, waligoma kupeleka kwa Baraza la London, lililosimamia jiji zima, michango itokanayo na kodi ya majengo, wakidai mitaa ya maskini inaachiwa mzigo wa kuwalisha wasio na ajira. Walifungwa. Hoja yao ilikuwa ya haki, na sheria ilirekebishwa mwaka huohuo wa 1921. Morrison, ingawa ni wa chama kimoja nao, alikataa njia yao: alitaka Labour ionekane inaweza kutawala kwa kufuata sheria.

Mwaka 1929 akawa Waziri wa Uchukuzi, akaandaa muswada wa kuweka reli za chini ya ardhi, tramu na mabasi ya London chini ya shirika moja la umma. Mwaka 1931 serikali ikaanguka, naye akapoteza ubunge. Muswada ulipita mwaka 1933, ukiwa umefanyiwa mabadiliko, mikononi mwa serikali nyingine.

Yeye alikuwa amerudi kwenye kazi ya Baraza la London. Machi 1934 Labour ilishinda viti 69 kati ya 124 vya baraza hilo, naye akashika uongozi wa jiji. Nguzo za Waterloo Bridge, daraja la mwaka 1817, zilikuwa zikititia. Serikali kuu ilipokataa kuchangia daraja jipya, alibomoa la zamani, gharama zikabebwa na kodi za jiji. Mwaka 1937 serikali ikakubali kuchangia.

Katika Vita vya Pili vya Dunia, akiwa Waziri wa Mambo ya Ndani, jina lake lilipewa kinga dhidi ya mabomu iliyowekwa ndani ya nyumba. Ilikuwa meza ya chuma: urefu futi 6 na inchi 6, upana futi 4, kimo futi 2 na inchi 6, pembeni wavu wa waya. Ilifika vipande vipande, wenye nyumba wakaikaza wenyewe kwa spana. Bomu likiipiga moja kwa moja haikufua dafu; iliundwa ipinde kidogo na kuhimili ghorofa ya juu ikiporomoka. Kaya zenye kipato kidogo zilipewa bure. Mchana watu walikula chakula juu yake, usiku wakalala chini yake.