Mfano wa Njia ya Potasiamu kwa Ndara Kuukuu

Hamjambo watazamaji, karibuni tena barazani kwangu hapa Mombasa. Leo tunatengeneza mfano wa njia ya potasiamu, mojawapo ya protini zinazopitisha ioni, yaani chembe ndogo zenye chaji ya umeme, katika utando wa seli. Utando nimekwisha kuuandaa: ni tabaka mbili za mafuta, na ioni, kwa kuwa ina chaji, haipenyi mafuta hayo kwa urahisi.

Kateni soli ya ndara vipande vinne vilivyo sawa, kwani njia halisi nayo ina visehemu vinne vinavyozunguka tundu moja, kisha vifungeni kwa uzi. Katika kila kipande chomekeni kijiti cha meno, ncha ikielekea katikati. Ncha hizo ni oksijeni. Katika njia halisi kila ioni hukumbatiwa na oksijeni nane, ila vidole vyangu vimetosheka na nne.

Sasa twende polepole. Shanga kubwa ni potasiamu, ndogo ni sodiamu, na zote nimezivisha pamba, kwa sababu ndani ya maji ioni huzungukwa na molekuli za maji. Subirini, panka imepeperusha pamba yangu. Nimeizima, tutavumilia joto.

Niliwahi kuwafundisha wanafunzi kwamba tundu hili ni chujio linalozuia kilicho kikubwa, na binti mmoja akaniuliza, "Mwalimu, mbona sodiamu ndiyo ndogo?" Nikabaki na chaki mkononi. Nusu kipenyo cha potasiamu ni nanomita 0.133, cha sodiamu ni 0.095. Kwa hivyo msipime tundu kwa shanga ndogo! Lipimeni kwa kubwa, mpaka ncha zote nne ziiguse kwa pamoja, ndipo muivue pamba na kuipitisha. Ile ndogo haizifikii ncha zote, haipati cha kushika mahali pa maji yake, basi haivui, na ikiwa imevaa haipiti. Narudia: pimeni kwa shanga kubwa.

Roderick MacKinnon na wenzake walichapisha umbo la njia hii mwaka 1998, naye akapata Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 2003.

Uzi wa chini ni mlango: ukivutwa, vipande hubanana na njia hufungika.

Punje hii ya mbaazi ni sumu ya bunju, samaki ambaye mimi simli hata kwa dawa. Msiiweke juu ya mfano huu, kwani sumu hiyo huziba mdomo wa njia ya sodiamu, si hii ya potasiamu.