Kamba Mbili na Udongo Mweusi

Ndugu zangu, asanteni kwa kufika kwenye somo letu la kubuni mandhari ya jukwaani. Naona wengi mmekuja na madaftari ya kuchorea. Yawekeni kando kidogo.

Mtu akiambiwa abuni mandhari ya mlima jukwaani, mbio zake za kwanza ni kutafuta kitambaa kikubwa na rangi. Anachora Kilimanjaro nyuma ya waigizaji, na theluji yake, watu wanapiga makofi. Baada ya dakika tano hakuna anayeutazama tena. Mlima hauna kazi: mwigizaji hapandi, hahemi, hatelezi.

Mwaka 1935, huko New York, mchongaji Isamu Noguchi alitakiwa kumbunia mcheza dansi Martha Graham jukwaa la dansi ya mtu mmoja, Frontier, iliyohusu nyanda za magharibi mwa Marekani. Hakuchora hata unyasi. Aliweka kipande cha uzio katikati, sehemu ya nyuma ya jukwaa, akavuta kamba mbili kutoka hapo, moja kulia na nyingine kushoto, zikipanda na kuachana kuelekea kwa watazamaji. Basi. Jicho likizifuata linakwenda mbali, na yule mwanamke penye uzio anakuwa na nchi nzima mbele yake. Noguchi alichukua umbali tu, mengine akayaacha huko huko nyandani.

Mbunifu wa majukwaa Rolf Borzik alipita njia nyingine, na ndiyo ninayoipenda zaidi. Mwaka 1975, mjini Wuppertal, Ujerumani, jukwaa zima lilifunikwa udongo mweusi wa mboji kwa ajili ya dansi ya mtunzi wa dansi Pina Bausch, iliyochezwa kwa muziki wa Stravinsky, The Rite of Spring. Wachezaji wako pekupeku. Udongo unawavuta miguu, unashikana na jasho, unachafua nguo nyepesi za wanawake, na uchovu mnaouona mwishoni si wa kuigiza. Mwaka 2020, wachezaji kutoka nchi 14 za Afrika walikuwa wakijiandaa kuzunguka na dansi hiyo hiyo kwa maonyesho. Korona ikafunga njia, wakaicheza kwenye mchanga wa pwani ya Toubab Dialaw, Senegal, ikarekodiwa. Itafuteni muitazame, hasa miguu.

Sasa tuje kwetu. Tuseme mchezo wenu unatokea Bagamoyo, maji yamekupwa. Msiniletee bahari ya bluu! Aliyetembea pale anajua matope yanateleza, yanameza kisigino, na bahari imekwenda mbali. Chagueni kimoja. Mkichagua utelezi, ipeni sakafu mwinamo na mtandike turubai lenye unyevu, lakini waigizaji walizoee tangu mazoezi ya mwanzo, la sivyo mtu atavunjika mguu siku ya onyesho. Mkichagua umbali, ondoeni kila kilicho kirefu, taa ziwe chini, pembeni, vivuli virefuke. Mikoko? Mmoja unatosha, tena mizizi tu, kimo cha goti.

Haya, nani ana mchezo mkononi sasa hivi? Atupe kwanza vipimo vya jukwaa lake.