Namba ya ukutani haitoshi

Shikamooni wakubwa zangu, na rika langu habari za jioni. Najua wengi wenu besiboli mnaiona mkiwa mnabadilisha chaneli tu. Msihofu. Mimi mwenyewe niliingia humo kwa mlango wa kazi, upimaji ardhi, na leo sina la kusema kuhusu kurusha mpira. Nitazungumzia kuta.

Kwenye soka sheria inaruhusu uwanja uwe na urefu wa mita 90 hadi 120, lakini hata ukirefushwa, goli ni lile lile. Besiboli ina mraba wa ndani ambao kila upande ni futi 90, yaani mita 27.4, na huo haubishaniwi. Nje ya mraba, Wamarekani wa zamani walijenga ukuta pale kiwanja walichonunua kilipoishia: penye reli, penye barabara, penye nyumba ya jirani aliyekataa kuuza. Uwanja wa Griffith pale Washington ulikuwa na ukuta uliopinda kuingia ndani, kwa sababu wenye nyumba kadhaa waligoma kuuza na klabu ikalazimika kuzizunguka. Sasa ukuta huo huo ndio unaohesabu. Mpira ukipaa ukauvuka, mpigaji anazunguka besi zote, yaani kona za ule mraba, kwa raha zake. Hiyo ni homurani. Ukidakwa hatua mbili kabla ya ukuta, mpigaji katoka.

Tuchukue siku moja tu. Tarehe 29 Septemba 1954, uwanja wa Polo Grounds, New York, mechi ya kwanza ya fainali kati ya Giants na Cleveland. Uwanja huo ulikuwa mwembamba na mrefu ajabu. Kutoka kwa mpigaji hadi ukutani: futi 279 kushoto, futi 258 kulia, na katikati 483. Vic Wertz wa Cleveland akaupiga mpira kuelekea katikati, zaidi ya futi 400. Willie Mays akakimbia akiwapa mgongo watu wote, akaudaka juu ya bega. Wertz katoka. Awamu ya 10, Dusty Rhodes wa Giants akapiga wa kwake upande wa kulia, kama futi 260 hivi. Ukaangukia jukwaani. Homurani, Giants wakashinda 5 kwa 2. Wa mbali kakosa, wa karibu kamaliza mechi. Ukiwaweka wapigaji hawa wawili kwenye jedwali bila kusema ukuta ulikuwa wapi, jedwali lako linadanganya.

Na ukuta haukai mahali pamoja. Chicago, mwaka 1883, uwanja wao wa kando ya ziwa ulikuwa mdogo mno, futi 180 kushoto na 196 kulia, kwa hiyo mpira uliovuka ulihesabiwa kuwa wa besi mbili tu, yaani mpigaji aliishia besi ya pili. Mpigaji wao Ned Williamson akamaliza mwaka na besi mbili mara 49 na homurani 2. Mwaka 1884 hesabu ikabadilishwa, kuvuka ni homurani. Williamson akapata 27, kati ya hizo 25 nyumbani. Rekodi hiyo ilidumu mpaka Babe Ruth alipopiga 29 mwaka 1919. Chicago walipohama 1885, Williamson akarudi kwenye 3. Mkono ni ule ule, jamani.

Boston nako, kabla ya msimu wa 1940, walijenga vibanda vya warushaji mbele ya jukwaa la kulia, uzio ukasogea karibu kwa futi 23. Kila mtu alijua ni kwa ajili ya Ted Williams, kijana mashoto aliyekuwa amepiga homurani 31 mwaka uliotangulia. Mwaka huo uzio uliposogezwa akapiga 23. Hilo huwa linanichekesha.

Nibaki Boston kidogo, uwanja wa Fenway, uliofunguliwa 1912 na unachezewa mpaka leo. Upande wa kushoto nyuma kuna barabara ya Lansdowne, nafasi hakuna, ndiyo maana wakapandisha ukuta futi 37 kwenda juu. Chini yake kwa miaka mingi paliandikwa futi 315. Watu wakatilia shaka. Klabu haikupenda watu waje na futi kamba. Mwaka 1995 mwandishi wa gazeti la Boston Globe akajipenyeza akapima mwenyewe: futi 309 na inchi 3. Baada ya hapo klabu ikapima, namba ikabadilishwa kuwa 310. Angalieni, ukuta haukusogea hata unywele. Kilichosogea ni rangi.

Ndiyo maana namba ya mwenye timu naiandika pembeni, kwa penseli. Nikitafuta umbali wa kweli wa uwanja wa zamani, naanza na mtu asiyejali mchezo kabisa, mtu wa bima ya moto. Kampuni ya Sanborn ilianza mwaka 1867 kuchora ramani za miji ya Marekani kwa ajili ya makampuni ya bima. Nyingi zimehifadhiwa katika Maktaba ya Bunge la Marekani. Inchi moja kwenye karatasi ni futi 50 ardhini. Waridi ni matofali, njano ni mbao. Yeye anataka kujua jukwaa la mbao liko mbali kiasi gani na nyumba ya jirani, basi. Mpira ukivuka usivuke, haimhusu, kwa hiyo hana sababu ya kuongeza futi tano. Ila muwe makini na mambo mawili. Nusu milimita ya kalamu kwenye ramani hiyo ni karibu futi nzima ardhini. Halafu jengo likibadilika, walikata kipande kipya cha karatasi wakakibandika juu ya cha zamani, kwa hiyo unachokisoma huenda ni cha miaka mingi baada ya tarehe iliyo kwenye jalada.

Ramani inakupa kuta na barabara, lakini kwa kawaida haikuonyeshi bamba la nyumbani, pale anaposimama mpigaji. Bila bamba hilo huna kitu. Ndilo bikoni yako. Hapo nageukia picha. Kwenye picha natafuta ule mraba: futi 90 kutoka nyumbani hadi besi ya kwanza, futi 127 na inchi 3 na kitu kukata kona hadi besi ya pili, na mistari ya pembeni inayokutana kwa pembe mraba. Kwa vipimo hivyo unaweza kurekebisha jinsi picha inavyofupisha mambo ya mbali, ukaliweka bamba juu ya ramani, kisha ukapima kwenda ukutani. Na bamba lenyewe husogezwa! Cincinnati, 1938, walilisogeza futi 20 kwenda mbele. Kuta hazikuguswa, ila kila umbali ukapungua.

Sheria ilikuja kuchelewa. Viwanja vilivyojengwa baada ya tarehe 1 Juni 1958 vilitakiwa viwe na angalau futi 325 pembeni na 400 katikati. Vya zamani vikaachwa vilivyo.

Anayenisumbua kuliko wote ni Bill Veeck, mwenye timu ya Cleveland. Mwaka 1947 aliweka uzio ndani ya uwanja wake mkubwa, na akawa anausogeza, hadi futi 15, kulingana na timu inayokuja. Ligi ikatunga kanuni: ndani ya msimu mmoja, umbali haubadilishwi. Kwa hiyo mkikuta jedwali lenye namba moja tu ya Cleveland mwaka 1947, mwulizeni aliyeliandika ni ya mechi ipi. Haya, maswali. Naona mkono kule nyuma.