Mzee wa Kijiji Naye ni Mwalimu wa Muuguzi

Waheshimiwa viongozi, walimu wenzangu, nanyi wanafunzi wa uuguzi, habari za asubuhi.

Mwaka 2003 baadhi ya majimbo ya kaskazini mwa Nigeria yalisimamisha chanjo ya polio. Matone yalikuwepo, wahudumu walikuwepo, ila uvumi ulikuwa umeenea kwamba yanafunga uzazi. Kazi ilisonga pale viongozi wa jadi na maimamu walipoibeba wao wenyewe, wakifuatana na wahudumu hadi kwa baba aliyekataa. Agosti 2020 kanda ya Afrika ya Shirika la Afya Duniani ikathibitishwa kuwa haina tena polio ya virusi vya asili.

Sasa jamani, mwanafunzi wetu hukutana lini na kiongozi wa namna hiyo? Siku ya kwanza ya mazoezi ya vitendo, anaposaini kitabu cha wageni. Baada ya hapo mzee wa watu tunamtumia kuitisha mkutano tu. Jambo hili linaniuma.

Niliwahi kumsimamia mwanafunzi akifundisha maji ya chumvi na sukari kwa mtoto anayeharisha. Alieleza bila kukosea: lita moja ya maji safi, vijiko sita vya chai vya sukari, nusu kijiko cha chumvi, vyote visawazishwe. Mzee wa kijiji akauliza kwa upole, "Binti yangu, hiyo lita tunaipimaje?" Binti akanyamaza. Mzee akaagiza chupa tupu ya nusu lita, akaijaza, akaimimina kwenye sufuria, akaijaza tena. Kina mama wote wakaelewa. Na chumvi ikizidi humdhuru mtoto, kwa hiyo swali lile halikuwa dogo hata kidogo.

Ninachoomba ni hiki: mzee yule aje darasani kabla wanafunzi hawajatoka, na asikilizwe tunapowapa alama. Tuchukue surua. Kuizuia kunahitaji watoto kama 95 katika kila 100 wawe wamepata dozi mbili. Chuo kinaweza kuhesabu waliokosa, lakini anayejua ni familia gani imehamia mwezi uliopita na watoto wadogo ni yeye. Hesabu hiyo apelekewe wiki ileile, kabla haijafungiwa kwenye ripoti.

Nanyi viongozi, wanafunzi wakiaga, waulizeni nyumba zipi hazijafikiwa na kundi lijalo linakuja lini. Msiwaruhusu waondoke hadi wawajibu.