Kata Shina Kwanza, Ukuta Utasubiri

REHEMA: Karibu msikilizaji. Leo tunaanza na swali kutoka Arusha. Dada yetu ana lile ua la kutambaa, limefunika ukuta wote wa nje mpaka chini ya bati. Fundi kamwambia watalivuta lote kwa siku moja. Kaka Juma?

JUMA: Asithubutu! Litashuka na lipu yake. Lile ua ni Ficus pumila, limetoka Asia ya Mashariki, na ni ndugu wa mkuyu. Watu wanaona vijani vidogo wanadhani ni mchezo.

REHEMA: Linashikaje, maana kamba za kujizungushia halina?

JUMA: Vimizizi, dada. Vinatoka kwenye shina upande wa ukutani. Charles Darwin alivichunguza miaka ya 1860, akaona vinatoa vitone vya majimaji yanayonata. Kisha kimzizi kinayafyonza yale maji, inabaki gundi tupu, kitu cha jamii ya mpira. Sasa vuta gundi hiyo shina likiwa hai: inaachia rangi, halafu lipu, hasa ile ya mchanga mwingi saruji kidogo.

REHEMA: Ile ya kubana matumizi.

JUMA: Hiyo hiyo! Kwa hiyo unakata shina chini, unatoa kipande kizima, kama sentimita 30, ili la juu na la chini zisikutane tena. Halafu unaliacha.

REHEMA: Unaliacha vipi?

JUMA: Wiki kadhaa, likauke. Vimizizi vikikauka vinakatika kirahisi.

REHEMA: Ukuta wa kahawia wiki kadhaa! Majirani watasema nyumba imehamwa.

JUMA: Waseme tu, lipu ni bei.

REHEMA: Na kisiki? Maana mimi namjua mkuyu, ukiukata unachipua.

JUMA: Hata huyu anachipua. Kung'oa mzizi ndiyo dawa ya uhakika. Ukishindwa, paka kisiki dawa ya magugu, ile inayoshuka mpaka mzizini, papo hapo ukishakata. Ukingoja kesho, kidonda kimeshakauka.

REHEMA: Hapo kuna yale maziwa yanayochuruzika. Yanawasha, na ngozi ikipigwa jua ndiyo balaa. Shati la mikono mirefu, glavu, miwani. Na kabla hujaingiza mkono, pigapiga majani kwa fimbo ndefu. Humo nyoka hakosi mlango.

JUMA: Likikauka, panda ngazi, mtu akushikie, anza juu kushuka chini, kipande kidogo kidogo. Pakigoma, lowesha maji kwanza. Mabaki unayakwangua kwa kisu cha fundi rangi, kisha brashi.

REHEMA: Brashi ya waya?

JUMA: Kwenye lipu ya saruji, sawa. Ila wasikilizaji wa Unguja na Lamu wenye kuta za mawe ya matumbawe na chokaa, tafadhali, brashi ya nailoni. Na mashine ya maji ya presha msiisogeze. Chokaa ya zamani ni laini, itatoka yote.

REHEMA: Kabla ya rangi mpya, gonga ukuta kwa mpini wa nyundo. Pakilia kama debe tupu, lipu imeachia. Bandua hapo, piga upya, isubiri ikauke.

JUMA: Lakini kuna watafiti wa Oxford, Uingereza, walipima aivi, mmea mwingine wa kutambaa ukutani, kwenye kuta za mawe. Wakakuta ukuta uliofunikwa haupati joto na baridi kali kama ulio wazi.

REHEMA: Aivi si Ficus, Juma, na hapa kwetu hakuna barafu ya kupasua mawe. Ila nakubali kitu kimoja: ukuta mzima usio na nyufa hauna haraka. Wenye ufa ndio wa kushughulikia mapema, maana shina likiingia humo linanenepa na ufa unapanuka.

JUMA: Na kama ni ukuta wa uzio tu?

REHEMA: Wa uzio, ua liache tu. Lipunguze kwa mkasi, lisifike paani wala kwenye nyaya za umeme. Haya, swali la pili, linatoka Tanga: tangi la maji limeota ukungu wa kijani...