Bakuli la Uruk

Wazee wangu shikamooni, na nyote mliofika jioni hii nawashukuru.

Mtu akitajiwa Wasumeri, watu wa kale wa kusini mwa Iraki, fikra humwendea kwenye minara ya mahekalu na dhahabu ya makaburi ya Ur, mji wao mmojawapo. Mimi nawaomba tuanze na chombo kisicho na uzuri wowote: bakuli la udongo uliochanganywa na makapi, zito, ukingo wake umekatwa mshazari. Aliyelitengeneza hakuhangaika na nakshi. Aligandamiza udongo ndani ya kalibu, akautoa, akashika mwingine. Huko Uruk, kusini mwa Iraki, mji ambao wasomaji wa Biblia wanaujua kwa jina la Ereku, mabakuli haya yamefukuliwa kwa maelfu na maelfu.

Kwa nini mengi hivyo?

Nchi ile haina mawe ya kujengea, haina mbao ngumu, haina madini. Ina udongo, matete na maji ya mto Frati. Mvua haitoshi kuotesha shayiri, kwa hiyo watu walichimba mifereji, na mfereji ukitunzwa shamba lilirudisha mavuno kuliko mahitaji ya mkulima na wanawe. Ziada hiyo ndiyo iliyozaa mji. Kufikia mwaka 3100 hivi kabla ya Kristo, Uruk ilikuwa imeenea hekta zipatazo 250, ikiwa na makumi ya maelfu ya wakazi kwa makadirio ya wanaakiolojia.

Lakini ukubwa peke yake haufanyi mji. Nionavyo mimi, mji ulianza siku watu wengi walipoamka asubuhi bila shamba la kwendea: mfumaji, mwashi, kuhani, karani. Nani atawalisha? Ghala la hekalu. Katika eneo la Eanna, nyumba ya mungu wa kike Inanna, nafaka iliingia na posho ikatoka. Wapo wataalamu wanaosema bakuli letu lilikuwa la kuokea mkate. Mimi naegemea upande wa wanaosema lilikuwa la kugawia posho, na kinachonivuta ni maandishi yao wenyewe: alama ya chakula imechorwa kama bakuli hilohilo, na ukiiweka mbele ya kichwa cha mtu, inasomeka "kula".

Hapo ndipo penye uzito wa jambo. Vibao vya udongo vya kale vya Uruk vinafika kama 5,000, na karibu tisa katika kila kumi ni hesabu: shayiri, kondoo, pombe, nguo. Vilivyobaki ni orodha za maneno za kufundishia makarani. Tenzi za Inanna na visa vya Gilgamesh, mfalme wa mji huohuo, vilisubiri karne nyingi kabla ya kuandikwa. Kalamu ya tete ilianza kazi kwa mtunza ghala.

Na ghala lilivuta vitu kutoka mbali. Karne zilizofuata, shaba ilikuja kwa jahazi kutoka nchi waliyoiita Magan, ambayo wataalamu wengi wanaitambua kuwa ni Oman. Wenye ndugu Maskati hapa ukumbini wajue kwamba bahari ile ina wafanyabiashara tangu enzi hizo.

Sasa jambo linaloniuma, na sitaki tulipite. Katika baadhi ya vibao hivyo wamo vibarua, wanaume, wanawake na watoto. Wamepangwa kwa jinsia na umri kwa namna ileile ambayo makarani walipanga ng'ombe. Wapo wataalamu wanaodhani kwamba baadhi ya wanawake hao walisokota na kufuma sufu ambayo mji uliiuza ng'ambo. Jumla ya posho yao tunaweza kuisoma hadi leo, kipimo kwa kipimo. Na ukiligeuza lile bakuli baya kwenye mwanga, mara nyingine ndani yake utaona alama za vidole vya aliyeligandamiza.