Wastani Unavyoficha Mafuriko ya Bonde

Mabibi na mabwana, mvua ikinyesha kwenye bonde la mto, ni kiasi gani kitakachofika mtoni? Penye kipimo cha maji tunasoma tu. Mabonde mengi hayana kipimo, kwa hiyo tunaiuliza ardhi yenyewe.

Njia iliyoenea zaidi ilibuniwa na Idara ya Hifadhi ya Udongo ya Marekani miaka ya 1950. Udongo umepangwa katika makundi manne, A hadi D: A ni wa kichanga, unameza maji upesi, D ni mfinyanzi mzito, au udongo haba juu ya mwamba. Ukishajua kundi, tazama kilichoko juu yake, msitu, shamba au lami, na jedwali litakupa namba isiyozidi 100. Kadiri namba inavyokaribia 100, ndivyo mvua inavyotiririka karibu yote.

Gawanya 25,400 kwa namba hiyo, toa 254, utapata kwa milimita uwezo wa ardhi kushika maji. Tuuite S. Moja ya tano ya S hupotea kabla mtiririko haujaanza: maji ya kwenye majani, ya kwenye vishimo, na yanayozama mwanzoni. Mvua isipovuka hapo, mto haupati kitu. Ikivuka, chukua ziada, izidishe kwa yenyewe, kisha gawanya kwa jumla ya ziada hiyo na S.

Sasa nije kwenye ugomvi wangu na wanafunzi. Bonde ni nusu msitu wenye namba 50, nusu ardhi ngumu yenye 90. Wanachukua wastani, 70, wanaendelea kama kawaida. Haya, tupige hesabu kwa mvua ya milimita 80. Namba 70 inatoa mtiririko wa milimita 20. Lakini ukikokotoa kila upande peke yake, msitu unatoa 3, ardhi ngumu 54. Wastani wake ni 28 na nusu. Kwa bonde la kilomita za mraba 10, pengo hilo ni mita za ujazo zaidi ya 80,000. Daraja ulilolisanifu halikuambiwa habari zake!

Mvua ndogo ndiyo mbaya zaidi. Kwa milimita 40, namba 70 haifikishi hata 3, ilhali hesabu ya vipande inazidi 9, yote kutoka upande mgumu. Msitu hautoi hata tone.

Basi kokotoa kwanza, wastani baadaye. Ila angalia mteremko: maji ya ardhi ngumu yakipitia msituni kabla ya kufika mtoni, mengine yatazama humo, na hesabu hii ya vipande haioni hilo.

Kuhusu ile moja ya tano, yaani 0.2: tafiti za baadaye zimeona 0.05 inafaa zaidi kwa mabonde mengi. Ukiitumia, rekebisha pia namba za jedwali, maana zilitokana na 0.2.